Tusiuachie ukungu kazi ya kusafisha moshi wetu

Kuna mambo ambayo mwanadamu huyatazama kila siku bila kuyaona. Ukungu ni mojawapo. Dereva anayepita Kimende alfajiri huulaani kwa kuwa humfichia lori lililokwama mbele yake. Mkulima wa majani chai kule Limuru au Kericho huupokea kwa moyo mkunjufu, maana huambatana na unyevu anaouhitaji. Mwanafunzi naye huandika katika insha yake kwamba ukungu ulitanda mweupe kama pamba, na mwalimu akamtunuku alama. Wote hao huuchukulia ukungu kuwa maji matupu. Isitoshe, wengi huamini kwamba ukiisha kuondoka huiacha hewa ikiwa imeoshwa, kama inavyooshwa na mvua.

Imani hiyo ina ukweli, lakini ni ukweli uliokatwa katikati. Sehemu iliyobaki ndiyo ninayokusudia kuijadili leo, kwa sababu inagusa afya ya mamilioni ya watu, na inagusa pia namna serikali zinavyotunga sheria za kudhibiti moshi. Swali lenyewe ni hili: moshi wa kuni, wa magari na wa taka unapokutana na ukungu, je, huondolewa hewani au hugeuzwa kuwa kitu kingine?

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu moshi wenyewe. Hewa tuivutayo si gesi peke yake. Ndani yake huelea chembe ndogo mno za yabisi na za majimaji, ambazo wanasayansi huziita erosoli. Zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 (mikromita moja ni sehemu moja ya milioni ya mita) hupenya hadi vina vya mapafu. Baadhi ya chembe hizo ni chumvi, baadhi ni masizi, na nyingine ni vumbi la udongo. Hata hivyo, sehemu kubwa katika maeneo mengi ya dunia ni michanganyiko ya kaboni ambayo wanakemia huiita oganiki: mabaki ya kuni zisizoungua sawasawa, mafuta ya injini, mivuke itokayo katika miti na viwandani.

Chembe oganiki ni za aina mbili. Zipo zinazozaliwa motoni na kutoka zikiwa chembe tayari. Zipo pia zinazoundwa baadaye, pale ambapo gesi zilizotoka katika moto huohuo hubadilika zikiwa hewani hadi zikawa chembe. Hizi za pili ndizo zinazowatatiza watunga sheria, maana hakuna bomba la moshi wala jiko linaloweza kunyoshewa kidole kuwa ndilo lililozitoa. Chanzo kimekwisha kuzimwa, na mzalisho wake ungali unaendelea angani.

Tuje sasa kwa ukungu. Wataalamu wa hali ya hewa huuita ukungu pale ambapo matone madogo ya maji yaliyoning'inia karibu na ardhi yanapopunguza upeo wa macho hadi chini ya kilomita moja. Mnamo mwaka 1880 mwanasayansi wa Scotland, John Aitken, alieleza jambo ambalo mpaka leo huwashangaza wanafunzi: katika hewa ya kawaida mvuke haugeuki kuwa matone ila upate kitu cha kujishikiza. Kitu hicho ni chembe ya vumbi, ya chumvi au ya moshi. Kwa maneno mengine, kila tone la ukungu limezaliwa likiwa na chembe tumboni. Ukungu si maji matupu, na haujapata kuwa maji matupu tangu dunia iwepo.

Mwalimu anaweza kulithibitisha hili darasani bila maabara ya gharama. Atie maji vuguvugu kidogo katika chupa ya plastiki iliyo angavu, aifunge, aiminye kwa nguvu kisha aiachilie ghafla. Kitakachoonekana ni kidogo au hakuna. Kisha awashe kijiti cha kiberiti, akizime, aingize moshi wake ndani ya chupa na kurudia zoezi lile lile. Safari hii ukungu utatanda ndani ya chupa mara tu anapoiachilia. Maji ni yale yale na mikono ni ile ile. Kilichoongezeka ni moshi.

Ikiwa chembe imo ndani ya tone, basi hatima yake hufungamana na hatima ya tone hilo. Hesabu rahisi itatusaidia. Chembe ya moshi yenye kipenyo cha mikromita 0.2 katika hewa iliyotulia huanguka chini ya sentimita moja kwa saa. Tone la ukungu lenye kipenyo cha mikromita 10 huanguka takriban mita 10 katika muda huohuo. Tofauti hiyo inatokana na ukubwa: kipenyo cha tone ni mara 50 ya kile cha chembe, hivyo ujazo wake ni 50 mara 50 mara 50, yaani mara 125,000. Hapo ndipo penye asili ya imani kwamba ukungu husafisha. Tone hubeba chembe, likatua nayo juu ya majani, juu ya mabati na juu ya nyasi, na hewa ikapungukiwa na uchafu. Naam, jambo hilo hutokea, na limepimwa.

Lakini matone mengi hayafiki chini. Jua hupanda, hewa hupata joto, na tone hukauka likiwa bado linaelea. Maji hurudi kuwa mvuke. Kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake hakina pa kwenda. Hubaki kikiwa chembe mpya hewani. Na chembe hiyo si ile iliyoingia jana usiku.

Historia ina ushahidi mchungu wa jambo hili. Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 9 Desemba 1952, jiji la London lilifunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe. Makadirio ya mwanzo yalitaja vifo 4,000 hivi. Uchunguzi wa baadaye ulipandisha idadi hiyo hadi kufikia 12,000. Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1956. Kwa miongo mingi maafa hayo yalielezwa kwa jina moja tu, moshi. Hata hivyo, utafiti wa wanasayansi wa mataifa kadhaa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ukungu haukuwa mtazamaji. Ndani ya matone, gesi ya naitrojeni dayoksaidi iliisaidia salfa dayoksaidi kugeuka kuwa salfeti, na matone yalipokauka yaliacha chembe zilizokolea asidi. Moto ulitoa malighafi. Ukungu ukawa karakana.

Salfa ilikuwa habari ya London ya 1952. Habari ya leo katika nchi nyingi ni oganiki, na mahali palipoifundisha dunia zaidi ni bonde la mto Po, kaskazini mwa Italia. Bonde hilo limezungukwa na milima ya Alps upande wa kaskazini na magharibi, na milima ya Apennines upande wa kusini. Ndani yake imo miji ya Turin, Milan na Bologna, viwanda vingi, barabara kuu na mashamba makubwa ya mifugo. Wakati wa baridi upepo huwa hafifu, hewa hulala kama maji katika beseni, na ukungu hutanda. Wanasayansi wamefanya vipimo vya ukungu huko kwa miongo kadhaa, ikiwemo kampeni kubwa ya kimataifa ya mwaka 1989, na kituo chao mashuhuri kiko San Pietro Capofiume, nje kidogo ya Bologna.

Wamegundua nini? Kwanza, ukungu huchagua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba matone yalinasa takriban asilimia 70 ya naitreti iliyokuwa hewani, lakini yalinasa nusu tu ya oganiki, na masizi yakanaswa takriban asilimia 40. Sababu yake haina siri. Chumvi hupenda maji. Mafuta na masizi hayapendi. Moshi mbichi uliotoka injini sasa hivi huelea katikati ya matone bila kuingia, na ndio huo tunaouvuta tunapotembea katika ukungu tukidhani tunavuta hewa safi ya asubuhi.

Pili, oganiki hubadilisha tone lenyewe. Mwaka 1999 watafiti walioyachunguza maji ya ukungu wa bonde hilo waliripoti kwamba viambato oganiki vilivyoyeyuka humo hupunguza mvutano wa uso wa maji kwa kiasi kinachokaribia theluthi moja, mithili ya sabuni. Mvutano ukipungua, matone huundwa kwa urahisi zaidi. Ndiyo kusema moshi hausubiri tu kuamuliwa na ukungu. Nao pia huamua ukungu utakuwaje.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, ndani ya tone hupikwa oganiki mpya. Kuni zinapoungua, sehemu ya mti iitwayo lignini huvunjika na kutoa gesi za jamii ya fenoli. Moto huohuo hutoa pia gesi nyepesi kama vile fomaldehaidi na glioksali. Gesi hizi zikiwa katika hewa kavu hazina haraka ya kuwa chembe. Zikikuta maji, huyeyuka. Ndani ya maji hushambuliwa na viini vikali vya oksijeni na haidrojeni viitwavyo haidroksili, zikaungana na kuwa molekuli nzito au zikawa asidi, mathalani asidi ya oksaliki. Molekuli nzito haziwezi tena kuruka zikawa gesi. Tone linapokauka, zinabaki chembe.

Kwa muda mrefu hayo yalikuwa mambo ya maabara. Mnamo mwaka 2016 watafiti wa Italia walichapisha vipimo vya Bologna na San Pietro Capofiume vilivyoyaonyesha yakitendeka hewani: moshi wa kuni za kupashia nyumba joto ukigeuka, ndani ya ukungu na ndani ya chembe zilizolowa, kuwa oganiki ya aina ya pili. Walikadiria kwamba njia hii peke yake inaweza kuongeza, kwa Ulaya nzima, kiasi kilicho sawa na asilimia 4 hadi 20 ya oganiki yote inayotolewa hewani barani humo. Fauka ya hayo, sehemu ya mzalisho huo ni ya rangi ya kahawia, hufyonza mwangaza wa jua, na kwa hiyo inahusika pia katika hesabu ya joto la dunia.

Hapa ndipo sayansi inapokutana na siasa. Katika jitihada za kupunguza matumizi ya mafuta ya petroli na gesi, kuni zimehesabiwa Ulaya kuwa nishati inayojirudisha, kwa hoja kwamba mti uliokatwa hupandwa mwingine. Hoja hiyo ina uzito wake katika mjadala wa tabianchi. Lakini mapafu hayasomi mizania ya kaboni. Mikoa minne ya bonde la Po, yaani Piedmont, Lombardy, Veneto na Emilia-Romagna, ilikubaliana na serikali ya Italia mwaka 2017 kuchukua hatua za pamoja, zikiwemo za kuzuia majiko ya kuni ya kizamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Italia ilikuwa imevunja sheria kwa kuacha chembe hewani zizidi kiwango kwa miaka mingi, na bonde la Po lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotajwa. Mwaka 2024 Umoja huo ulipitisha sheria mpya inayotaka wastani wa mwaka wa chembe ndogo usizidi mikrogramu 10 kwa kila mita moja ya ujazo ifikapo mwaka 2030. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, limependekeza tangu 2021 kiwango kisizidi 5.

Viwango ni vyema, ila lazima tujue kinachopimwa. Ukilipima jiko kwa masizi yanayotoka bombani tu, unaweza kulipa cheti cha usafi hali linatoa gesi ambazo zitageuka kuwa chembe usiku huohuo, kilomita chache mbali, ndani ya ukungu. Ndiyo maana ninaiona kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutekelezwa mwaka 2022 kuwa hatua ya busara: inataka majiko mapya ya kupashia nyumba joto yapimwe chembe na pia gesi za kaboni oganiki. Huo ndio mwelekeo sahihi. Moshi uhukumiwe kwa vile utakavyokuwa kesho pia, si kwa vile ulivyo leo peke yake.

Atatokea msomaji atakayesema, "Ukungu ni kazi ya Mungu, serikali itaushtaki wapi?" La hasha, hakuna anayetaka ukungu ushtakiwe. Ukungu hauwezi kupika chakula usicholetewa. Anayepeleka malighafi ni binadamu, na binadamu ndiye anayeweza kuacha kuipeleka.

Mwingine atasema kwamba ukungu wenyewe unapungua, kwa hiyo tatizo litajimaliza. Ni kweli unapungua katika baadhi ya sehemu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulibaini kwamba siku za ukungu na utusitusi barani Ulaya zilikuwa zimepungua kwa nusu hivi katika miaka 30, na kupungua huko kulikwenda sambamba na kupungua kwa salfa hewani. Lakini tusome vizuri maana yake. Hewa ilianza kusafishwa kwa sheria, ndipo ukungu ukapungua. Haikuwa kinyume chake. Aidha, vipimo vya Italia vimeonyesha kwamba chembe iliyolowa tu, bila ukungu kamili, hufanya kazi ileile ya upishi. Unyevu unatosha.

India nayo ina funzo lake. Kila Oktoba na Novemba wakulima wa majimbo ya Punjab na Haryana huchoma mabua ya mpunga ili kuandaa mashamba kwa ngano, na moshi wake hufika Delhi. Desemba na Januari hufuata ukungu mzito wa nyanda za mto Ganges, ambao hukwamisha ndege na garimoshi. Tangu mwaka 2015 wanasayansi wa huko wamekuwa wakiuchunguza ukungu huo katika uwanja wa ndege wa Indira Gandhi. Moshi wa mkulima na ukungu wa msafiri si habari mbili tofauti. Ni kurasa mbili za kitabu kimoja.

Je, sisi tunahusikaje? Katika sensa ya mwaka 2019, zaidi ya nusu ya nyumba nchini Kenya zilisema zinapikia kuni, na nyingine zaidi ya moja katika kila kumi zilitumia makaa. Katika nyanda zetu za juu, moshi wa alfajiri wa jikoni hupanda wakati uleule ambapo ukungu umetanda. Malighafi ipo na maji yapo. Ni kosa, hata hivyo, kuyachukua matokeo ya Italia na kuyabandika Limuru kama stempu. Bonde la Po limefungwa na milima na hewa yake hulala kwa siku nyingi mfululizo. Miinuko yetu hupata pepo, na jua la ikweta huuondoa ukungu mapema. Kemia ni ile ile, ila vipimo havina budi kuwa vyetu wenyewe.

Uwezo wa kupima si ndoto. Tangu mwaka 1999 Kenya ina kituo cha kuchunguza angahewa juu ya Mlima Kenya, chini ya mpango wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kinachosimamiwa na wataalamu wetu wa utabiri wa hali ya hewa. Tuna pia Kanuni za Ubora wa Hewa. Kinachohitajika ni kuishusha elimu hiyo kutoka kileleni hadi vijijini na mitaani: vipimo vya chembe katika miji ya nyanda za juu, maji ya ukungu yakusanywe na kuchunguzwa katika vyuo vikuu vyetu, na majiko yaliyoboreshwa yasisifiwe tu kwa kupunguza kuni, bali yapimwe pia gesi yanazotoa.

Mzigo mwingine uko mabegani mwa walimu. Tumezoea kufundisha ukungu katika jiografia, moshi katika sayansi, na magonjwa ya mapafu katika somo la afya, kana kwamba vitu hivi havijawahi kukutana. Hewani hukutana kila siku. Mwanafunzi aliyejaribu ile chupa na kijiti cha kiberiti ataelewa kwa dakika tano kile ambacho kurasa kumi haziwezi kumweleza. Kisha aulizwe: nyumbani kwenu moshi hutoka saa ngapi? Ukungu hutanda saa ngapi? Nani huwa jikoni wakati huo? Jibu la swali la mwisho, katika nyumba nyingi, ni mama, na mgongoni mwake yumo mtoto.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba uchafu wa hewa, wa nje na wa ndani ya nyumba, huchangia vifo vya mapema vipatavyo milioni 7 kila mwaka. Katika idadi hiyo hakuna cheti hata kimoja cha kifo kilichoandikwa ukungu, na pengine hakitaandikwa kamwe. Lakini anayetunga sheria ya moshi bila kuufikiria ukungu anahesabu nusu ya deni. Ukungu utaendelea kuja na kuondoka kwa ratiba yake. Sisi ndio tunaoamua utakuta nini hewani utakapofika, na kwa hiyo utatuachia nini utakapoondoka.